Mke Niliyemwacha Amelala Kanisani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimeshindwa kuisahau, ingawa siku nyingine nyingi za ujana wangu zimeshafutika kichwani. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, na baridi ya Tukuyu unaijua ilivyo mwezi huo, inaingia kwenye mifupa na haitoki mpaka jua lipande. Tulikuwa tumesimama bombani, wapangaji wa nyumba moja kule Bulyaga, kila mtu na ndoo yake, tukisubiri maji yaliyokuwa yakitoka kidogo kidogo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi seremala, na nilikuwa nimeoa miezi mitano tu iliyopita.

Chumba cha mbele cha nyumba ile alipanga kijana mmoja aitwaye Ambokile, utingo wa lori la mbao. Alikuwa mcheshi, hana ubaya, ila mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi hiyo alikuwa akipiga mswaki, akatema povu pembeni, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Jamani, usiku ni lori gani lile lililokuwa linapanda mlima humu ndani? Mimi nimeamka natafuta mawe ya kuweka nyuma ya tairi!"

Watu wakacheka. Mwenye nyumba wetu, Mzee Athumani, alikuwa ameshakaa barazani na cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, mtu mpole wa kofia na msikiti, ambaye babu zake walitoka pwani na bidhaa zao wakaishia huku kwetu milimani. Akainua kichwa kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akishona.

"Ni mimi huyo, Ambokile," akasema. "Uzee, mwanangu. Nisamehe."

Hapo palikuwa pa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilitaka na mimi nichekwe kidogo, nionekane mtu wa watu, kwa hiyo nikasema, "Hapana mzee, leo usijibebeshe lawama. Lile lori ni la kwangu. Ni Tusekile huyo."

Kicheko kikalipuka mara mbili ya kile cha kwanza. Mwanaume akikoroma watu hutabasamu tu, lakini mwanamke akikoroma huwa ni habari. Nikacheka nao. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo tupu mkononi, kitenge amejifunga kifuani kwa ajili ya baridi. Sikujua kama ameshatoka ndani. Aliiweka ndoo yake kwenye foleni, taratibu, akarudi chumbani, na ndoo ile nikaja kuijaza mimi.

Nikwambie kwanza Tusekile alikuwa nani, maana usije ukamjua kwa kukoroma tu kama walivyomjua wengine.

Alikuwa binti wa Kisondela. Tulikutana nilipopelekwa huko na bosi wangu kutengeneza madirisha ya kanisa, na akina mama wa kanisa wakawa wanatulisha mafundi kwa zamu. Zamu ya mama yake ilipofika, aliyeleta chakula alikuwa yeye. Ndizi na maharage, na parachichi limekatwa. Aliweka sinia chini akatazama dirisha nililokuwa nimelifunga tangu asubuhi, akasema, "Fundi, hili la kushoto limekaa chini kuliko la kulia." Nikapima. Kweli lilikuwa chini kwa upana wa kidole. Wenzangu walinicheka wiki nzima, na mimi wiki nzima niliomba zamu ya mama yake irudi.

Alikuwa na jicho hilo, na alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na alikuwa mtu wa kucheka. Asubuhi baada ya harusi yetu nilimwambia, tukiwa bado tumejifunika blanketi, kwamba usiku nilishtuka nikawasha tochi nikatoka nje, nikidhani nguruwe wa jirani ameingia kwenye migomba, kumbe ni bibi harusi wangu anavuta usingizi. Alificha uso kwa aibu, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka shangazi yangu akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kicheko kile, mwanangu, kilikuwa chetu wawili. Kama ningekiacha pale kwenye blanketi, pengine leo ningekuwa nakusimulia mambo mengine kabisa.

Tulipohamia Bulyaga, chumba chetu kilikuwa cha tatu upande wa kulia. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu kidogo, juu yake ni mbao za paa na bati. Mtu wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha mwisho humwambia pole. Wakati wa mvua hapakuwa na tatizo. Na mvua za kwetu ni nyingi, unajua. Zikipiga juu ya bati, hata ukimwita mtu mliyelala naye hasikii. Kwa hiyo miezi ile ya mwanzo tuliishi vizuri. Ni mvua zilipokatika ndipo nyumba nzima ilianza kusikia.

Ni kweli pia kwamba Mzee Athumani naye alikuwa na sifa hiyo. Kila mpangaji alijua kuwa kutoka chumba chake usiku kulitoka mngurumo wa haja. Mkewe, Mama Salma, aliyekuwa akikaanga vitumbua, kila asubuhi alituomba radhi: "Mtusamehe wanangu, huyu mzee wangu jana kawanyima usingizi." Mzee hushona tu na kutabasamu, "Ndiyo, mke wangu, uzee." Sisi tukasema hamna shida mzee, tukanunua vitumbua, tukaenda zetu.

Lakini kwa Tusekile ilikuwa tofauti. Baada ya asubuhi ile ya bombani walianza kumwita Mama Lori. Kwa mzaha tu, hakuna aliyemchukia. Yeye alianza kujitibu. Alilala ubavu, akaweka mto mgongoni asigeuke. Akalalia mito miwili, akaamka na shingo imekauka. Akaacha kula usiku. Mwanamke mmoja akamwambia ajifunge kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, akajifunga, asubuhi nikamkuta amekaa kitandani na kile kitambaa kama mgonjwa wa jino, ananiuliza, "Jana je? Nilikoroma?"

Ningeweza kusema, "Kidogo tu." Ningeweza kusema, "Sikusikia, nilikuwa nimelala." Nilisema, "Sana."

Nami nilikuwa sijalala kweli, sikufichi. Mtu asiyelala hana subira, na nilikuwa nikienda kazini macho mekundu, nikipima mbao mara mbili na bado nakata vibaya. Sisemi kwamba shida yangu ilikuwa ya uongo. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na njia mbili za kuibeba, nikachagua ile iliyowafanya watu wacheke.

Pale karakana tulikuwa mafundi watano. Siku moja wakaniuliza kwa nini nasinzia, na mimi nikachukua msumeno, nikauweka juu ya ubao, nikauvuta polepole, ule mvuto mrefu wenye kukwaruza, halafu nikausukuma haraka. "Msikilizeni mke wangu," nikasema. Walianguka chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo ikawa mchezo. Mteja akija, wenzangu huniambia, "Asajile, hebu mwamshe shemeji," na mimi navuta msumeno. Na siku ambayo kicheko kilipungua, nikaongeza ile habari ya usiku wa harusi, tochi, migomba na nguruwe.

Sikuwaza kwamba wateja wana miguu.

Tusekile alikuwa akiuza ndizi sokoni siku za gulio. Siku hiyo alirudi mapema, mkungu mmoja haujauzwa, akakaa kitandani bila kuvua kandambili. Nilimkuta hivyo nilipotoka kazini.

"Kuna mama mmoja leo amenunua ndizi kwangu," akasema. "Simjui. Anatoka Nkunga. Akaniuliza, wewe ndiye mke wa fundi, yule ambaye mumewe alimdhani nguruwe?"

Nilisimama pale na begi la vifaa begani.

"Asajile, hilo la nguruwe tulikuwa tunalijua wangapi?"

Nikamjibu kwamba ni utani tu, watu wanapenda utani, asiwe mtu wa kununa. Nikamwambia hata mimi nataniwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akapika, tukala, na hakulirudia tena jambo lile mbele yangu.

Kuanzia hapo aliacha kulala. Ndiyo, mwanangu, mtu anaweza kuacha kulala. Mimi nikiingia kitandani yeye hukaa kwenye stuli na kufuma vitambaa kwa taa ya chemli, akisema anamalizia mstari. Nikishtuka, bado anamalizia. Usingizi ukimzidi huweka kichwa mezani kidogo, akisikia pumzi yake mwenyewe inaanza kukwaruza hushtuka na kujikaza tena. Nilijua. Nilimwona mara ngapi! Lakini chumba kilikuwa kimya, na mimi nilikuwa nalala, na usingizi ulikuwa mtamu, kwa hiyo nilijifanya sijui. Vitambaa vilijaa meza, vikajaa kiti, vikajaa mpaka kwenye kochi la Mama Salma. Majirani walianza kunipongeza kwamba mke wangu amepona.

Yeye akawa anakonda. Akawa anaunguza mboga. Siku moja alirudi kutoka sokoni na chenji si yake, siku nyingine alipishana nami barabarani bila kunitambua.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Kanisa letu wakati ule wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto. Tusekile alikuwa kwenye benchi la tatu, karibu na bibi mmoja mtu mzima sana. Mahubiri yaliisha, mchungaji akatuambia tuinamishe vichwa tuombe kimya kimya, kila mtu na Mungu wake. Kanisa lote likatulia. Na katika utulivu ule, kutoka upande wa wanawake, nikaisikia sauti ninayoijua.

Ilianza chini, ikapanda. Watoto wakaanza kucheka. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Lori hilo," na benchi zima likaanza kutikisika, watu wazima wameziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Nikainua macho. Alikuwa amelala ameketi, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi, mikono imekaa magotini viganja juu. Alikuwa amechoka, mwanangu. Sijawahi tena kuona mtu aliyechoka namna ile.

Kutoka nilipokaa mpaka alipokaa zilikuwa hatua kumi. Ningevuka ile njia ya katikati, ningemgusa bega, ningekaa hata pale upande wa wanawake nimshike mkono, nani angenifukuza? Badala yake niliinuka nikashika kofia yangu, nikatoka nje. Nilijiambia naenda kupunga upepo. Sikusimama hata uani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani.

Baadaye niliambiwa kwamba yule bibi ndiye aliyemwamsha, akamfuta mdomo kwa leso yake.

Tusekile hakuja nyumbani. Alitoka kanisani akashika njia ya Kisondela kwa miguu, na viatu vyake vya Jumapili, bila mfuko wowote. Jioni akaja kijana wa kwao kuniambia dada yuko kwa mama yake, nisihangaike.

Nitakuambia jambo la aibu kubwa kuliko yote. Sikuhangaika. Wiki tatu nililala kama mtoto. Nililala mpaka jua likaingia dirishani, nikaamka nimenyooka, nikawa napima mbao mara moja tu. Nikasema, atarudi akichoka kununa. Mama Salma alipika akaniletea, akiniuliza "Mwenzio harudi?", nikajibu anamuuguza mama yake.

Siku moja mchana nilisahau patasi nyumbani, nikarudi kuichukua. Nyumba ilikuwa tupu, wapangaji wote kazini. Nikiwa kwenye ukumbi nikasikia kutoka chumba cha Mzee Athumani ule mngurumo wake. Nikatabasamu, nikasema moyoni mzee leo kajipumzisha mchana. Nikachukua patasi yangu, nikageuka kutoka, na mlangoni nikakutana uso kwa uso na Mzee Athumani. Alikuwa anatoka msikitini, amevaa kanzu na kofia.

Mngurumo uliendelea nyuma yangu.

Nikamtazama mzee, nikautazama mlango wa chumba chake, nikamtazama tena. Akaweka kidole mdomoni. Akanishika mkono kama mtoto, akanitoa nje, tukakaa barazani karibu na cherehani.

"Kwa hiyo ni Mama Salma," nikasema.

"Sauti yako ipunguze."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu tumeoana."

"Na yeye hajui?"

"Anayelala anajisikia? Mwaka wa kwanza aliamka usiku kwa sauti yake mwenyewe, akaniuliza, ni nini hicho? Nikamwambia ni mimi, lala. Basi imekuwa ni mimi mpaka leo."

"Lakini kila asubuhi anakusema mbele ya watu."

Mzee Athumani akacheka kidogo, cheko la puani. "Ananisema, ananihurumia, ananichemshia tangawizi. Mimi nakunywa. Kinanipungukia nini?" Halafu akawa anaviringisha uzi kwenye kidole. Aliponitazama tena hakuwa anacheka. "Asajile, siku ile bombani nilikupa njia. Nilisema ni mimi. Ulikuwa na kazi moja tu, kunyamaza. Ukamtoa mkeo mkononi mwangu ukamtupa katikati ya watu."

Niliigeuzageuza patasi mkononi.

"Mimi nilimwona alivyokuwa anakesha," akasema. "Taa yenu nilikuwa naiona juu ya ukuta. Nilingoja useme neno nikusaidie. Chumba cha nyuma kiko kando, kuta zake zinafika mpaka batini, nilikuwa nikiweka mahindi tu. Ningewapa. Lakini wewe hukuja kuniambia una shida. Ulikwenda kuwaambia watu wa kucheka."

Kesho yake nilikwenda Kisondela. Sikwenda peke yangu, nilimchukua baba mdogo, kama inavyotakiwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitahamia chumba cha nyuma. Nitaweka dari hata mbili. Nitaomba radhi mbele ya wazazi.

Tulipokewa vizuri. Baba yake alitukaribisha, tukaletewa ndizi na maziwa ya mgando. Baba mdogo akasema yaliyotuleta. Kisha wazee wakatuacha uani mimi na Tusekile, chini ya migomba, na mama yake alikuwa akimenya ndizi kwa mbali kidogo, mahali pa kutuona bila kutusikia.

Alikuwa amenawiri. Macho yake yalikuwa meupe tena. Nilifurahi kumwona hivyo, na papo hapo nikaelewa maana yake.

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kuhusu chumba cha nyuma, nikamweleza kuhusu dari. Alisikiliza akichezea ukingo wa kitenge.

"Huku ninalala, Asajile," akasema.

"Na kule utalala. Nakuahidi. Nitaweka dari mwenyewe."

"Wewe ni fundi. Dari ungeweka tangu mwezi wetu wa kwanza, ingekuchukua siku mbili." Hakusema kwa hasira. Alisema kama siku ile ya dirisha. "Sikuondoka kwa sababu ya dari. Wala kwa sababu ya Ambokile. Nilipoamka kanisani, watu wote wananitazama, mimi nilitazama upande wa wanaume. Nilitaka kukuona wewe tu. Nafasi yako ilikuwa wazi."

"Nilikosea."

"Najua umekosea. Na nimekusamehe, nakwambia kweli." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Lakini kulala ni kumwachia mtu mwili wako wakati hujui chochote. Mimi kwako sitaweza tena. Nitakuwa naamka kila mara kuangalia kama bado upo."

Nilikaa pale mpaka jua likaelekea kuzama. Baba mdogo alijaribu, wazee walijaribu, walikutana tena mara mbili mwezi uliofuata. Mama yake ndiye aliyenisindikiza njiani siku hiyo ya kwanza, na aliponiaga akasema maneno machache tu: "Baba, na mimi hukoroma. Na mama yangu alikoroma. Nyumbani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kusimangwa kwa hilo." Akarudi zake. Ndoa yetu ikaishia hapo.

Miaka imepita mingi. Nilioa tena, mama yenu mnamjua, mwanamke mwema ambaye sitamlinganisha na mtu. Tusekile aliolewa na mkulima mmoja wa Nkunga aliyefiwa na mke, wakapata watoto. Mzee Athumani alitangulia mbele ya haki, na Mama Salma akamfuata baada ya miaka michache, akiwa bado anawasimulia wageni jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma. Siri hiyo niliitunza. Leo naitoa kwa sababu wote wawili wamepumzika, na kwa sababu naona inahitajika.

Nimemwona Tusekile mara moja tu tangu hapo, mwaka juzi, stendi ya Tukuyu. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alikuwa anapanda bodaboda, mjukuu wake amembebea mfuko. Akaniona, akamwambia kijana wa bodaboda asubiri kidogo. Akaja akanipa mkono.

"Ugonile," akasema.

Ni salamu yetu ya kila siku, sisi Wanyakyusa. Tunaitoa mchana na jioni bila kufikiri. Lakini neno lenyewe linauliza, umelala? Nilisikia maana yake siku hiyo kama sijawahi kuisikia maishani. Nilitaka kumjibu kwa kirefu. Nikasema, "Ndaga," yaani asante, kama kila mtu anavyojibu, na akapanda pikipiki yake akaenda.

Sasa nakuambia kwa nini nimeyafukua haya. Juzi mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Kuna kijana mmoja wa huku huku kwetu amemrekodi mkewe amelala anakoroma, akaituma kwenye kundi la ukoo, na kutoka hapo imezunguka mpaka kwa watu asiowajua. Chini yake watu wameweka vikatuni vya kucheka hadi mwisho wa kioo. Mjukuu wangu alicheka, akanitazama akitegemea na mimi nicheke. Nilimrudishia simu nikatoka nje, nikakaa peke yangu.

Mwanangu, anayelala kando yako amekuachia kitu ambacho hakumwachia mtu mwingine yeyote duniani. Hajui mdomo wake umekaaje, hajui anatoa sauti gani, hawezi kujitetea. Ukiwasimulia watu habari zake za usingizini, unamtoa nje mtu aliyekuamini akafumba macho. Kwa hiyo la kwanza ni hilo: yaliyo kitandani yaishie kitandani, hata yale ya kuchekesha, na hasa yale ya kuchekesha.

Lakini sikuambii uumie kimya. Mimi nilikosa usingizi, najua ulivyo mzigo. Mwambie mwenzako, ila mwambie mchana, mkiwa wawili, umeshakunywa chai na hasira zimekwisha. Mwambie "tuna shida", usimwambie "una shida". Jaribuni kulala ubavu, jaribuni mto, mpunguze pombe kama ipo. Ukimsikia anakata pumzi usingizini kisha anashtuka kama mtu anayezama, au mchana anasinzia hovyo, huo unaweza kuwa ugonjwa. Mpeleke hospitali, na uingie naye kwa daktari, maana yeye hajisikii, wewe ndiye shahidi. Na kama mkikubaliana mmoja alale chumba kingine siku za kazi, laleni, hakuna sheria iliyovunjwa, mradi iwe mmekubaliana na asubuhi umwamkie kwa uso mwema. Na siku watu watakapomcheka mbele yako, iwe kanisani, iwe sokoni, iwe kwenye hayo makundi yenu ya simu, vuka hizo hatua kumi. Usihesabu nani anakutazama. Vuka.

Mungu akupe mwenzi wa kuzeeka naye, mwanangu. Akupe masikio mapana na mdomo mwembamba. Awaweke chini ya paa moja lisilovuja, awape usiku mrefu wa amani, na kila anayelala kando yako, akifumbua macho wakati wowote, akukute upo.